Sikio la Maiti, Sikio la Mzima

Mwaka 1683 mjini Paris, daktari Joseph-Guichard Duverney alichapisha kitabu kizima juu ya sikio. Humo alieleza jinsi tunavyotofautisha sauti nzito na nyembamba, akageuza mambo juu chini. Alikuwa ameichungua koklea, mfereji wa sikio la ndani uliojiviringa kama konokono. Na konokono ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kilatini, jina ambalo Mwitalia Gabriele Falloppio aliupa mfereji huo katika karne ya 16. Duverney aliona kuwa ubamba wa mfupa unaozunguka ndani yake ni mpana mlangoni na mwembamba kileleni. Kipana hutetemeka polepole, chembamba hutetemeka upesi. Basi, akasema, sauti nzito hupokewa mlangoni na nyembamba kileleni. Ukweli ni kinyume chake. Lakini swali lake lilikuwa la haki: je, kila sauti ina mahali pake ndani ya sikio? Kulijibu kulichukua karibu miaka 300, na kila kizazi kilijibu kwa chombo kilichokuwa mkononi mwake.

Hesabu ilitangulia darubini. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier, akishughulika na joto wala si sauti, alionyesha kuwa wimbi linalojirudia, hata liwe limesokotana vipi, laweza kufumuliwa likawa mawimbi sahili. Mwaka 1843 Mjerumani Georg Ohm, yule yule wa kanuni ya umeme inayofundishwa sekondari, alisema sikio nalo hufanya kazi hiyo ya kufumua. Kilichobaki ni kumtafuta mfumuaji. Mwaka 1851 Alfonso Corti, Mwitalia aliyefanya utafiti wake Ujerumani, alizitia rangi tishu laini za koklea, akaona kwa darubini safu za seli zilizojipanga kwa nidhamu juu ya utando mwembamba.

Hapo ndipo alipoingia Hermann von Helmholtz, daktari na mwanafizikia aliyependa muziki. Hoja yake yaweza kujaribiwa na yeyote mwenye piano. Kanyaga pedali inayoziachia nyuzi, imba irabu moja kwa nguvu juu ya nyuzi hizo, kisha nyamaza. Piano itakurudishia irabu yako, kwa kuwa zimeitikia zile nyuzi tu ambazo mtetemo wake unalingana na mitetemo iliyomo katika sauti yako. Katika kitabu chake cha 1863 Helmholtz alifundisha kuwa koklea ni piano ndogo. Mwaka huo huo Victor Hensen alipima utando unaobeba seli za Corti, utando wa basila, akakuta ni mwembamba mlangoni na hupanuka kadiri unavyopanda kileleni. Kosa la Duverney likajulikana: alikuwa amesoma mfupa, na utando huenda kinyume cha mfupa.

Nadharia ya piano ilikuja kuvunjwa na mtu wa simu. Georg von Békésy aliajiriwa katika maabara ya posta ya Hungaria, mjini Budapest, mwaka 1923. Ili kujua ni sehemu gani ya mtambo wa simu inayostahili kuboreshwa, ilimpasa alifahamu sikio linaloupokea. Alichukua masikio ya maiti, akazifungua koklea, akanyunyizia chembe za fedha, akamulika kwa taa ya kumetameta iliyofanya mtetemo wa kasi uonekane wa polepole. Kama utando ungekuwa safu ya nyuzi zilizokazwa, ukichanwa kingo zake zingeachana. Aliuchana, na kingo hazikuachana.

Alichoona, na akaanza kukichapisha mwaka 1928, ni wimbi. Huanzia mlangoni, husafiri juu ya utando likikua, hufika upeo wake mahali fulani, kisha huzimika. Sauti nyembamba huishia karibu na mlango, ambako utando ni mkakamavu. Sauti nzito husafiri hadi kileleni, ambako ni mpana na mlegevu. Hivyo utando wenye urefu wa milimita 35 hivi huzipanga sauti tunazosikia, tangu mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi 20,000. Kazi hiyo ilimpatia Békésy Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Dosari ilikuwa moja. Mawimbi yake yalikuwa mapana mno, na mpiga fidla hutenganisha sauti zinazokaribiana kuliko utando huo ulivyoonyesha. Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa; kumbe halichambui hata sauti. Tayari mwaka 1948 Thomas Gold wa Cambridge, aliyefanya kazi ya rada wakati wa vita, alikuwa ameonya kuwa majimaji ya koklea yangeufisha mtetemo wowote hafifu, isipokuwa sikio lenyewe liwe linautia nguvu, kama redio inavyokuza mawimbi. Wachache walimsikiliza.

Mwaka 1971 William Rhode, nchini Marekani, alipima mwendo wa utando katika kima walio hai. Sauti hafifu zilikuzwa zaidi kuliko zile kali, na mnyama alipokufa ukuzaji huo ulipotea. Mwaka 1978 David Kemp, mjini London, aliweka maikrofoni ndogo katika tundu la sikio, akatoa mlio mfupi, na baada ya milisekunde chache sikio likatoa sauti yake. Mwaka 1985 William Brownell na wenzake walimpata mkuzaji: seli za nje za vinyweleo, zile zile alizoziona Corti, hurefuka na kufupika zikiguswa na umeme. Nguvu hiyo ndiyo inayolinoa wimbi la Békésy mpaka likawa na ncha.

Siku hizi ugunduzi wa Kemp hutumika hospitalini kupima watoto wachanga. Mtoto amelala, hajui kusema wala kuitikia kwa kichwa. Kifaa kidogo hutiwa sikioni na kutoa milio. Sauti ikirudi, seli hizo zinafanya kazi.