Njia ya Tela: Historia ya Barabara ya Tanzam

Barabara ya Tanzam huanzia Dar es Salaam, hupita Morogoro, Iringa na Mbeya, huvuka mpaka pale Tunduma, kisha huingia Zambia hadi Kapiri Mposhi na kuendelea Lusaka. Mwendo wote kutoka bandarini hadi Lusaka ni karibu kilomita 2,000. Leo ndiyo njia kuu ya malori ya tela yanayobeba mizigo ya Zambia na sehemu kubwa ya ile ya kusini mwa Kongo. Miaka sitini iliyopita hakuna mfanyabiashara ambaye angeichagua kwa hiari.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, uchumi wake ulitegemea reli ya kusini. Shaba ya eneo la Copperbelt ilisafirishwa kwa treni kupitia nchi jirani ya Rhodesia hadi bandari za Msumbiji, na mafuta, makaa ya mawe na mashine vilirudi kwa njia hiyohiyo. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith nchini Rhodesia ilijitangazia uhuru. Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta mwezi uliofuata, Rhodesia nayo ikaikatia Zambia mafuta. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilianza kupeleka mafuta kwenye mapipa, lakini nchi nzima haiwezi kuendeshwa kwa ndege kwa muda mrefu.

Njia mbadala zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na kasoro yake. Reli ya Benguela kwenda Lobito ilipita Angola, na njia ya mashariki kupitia Malawi iliishia Beira, Msumbiji. Nchi zote mbili, Angola na Msumbiji, zilikuwa bado chini ya Ureno. Njia ya Reli ya Kati hadi Kigoma, kisha kwa meli hadi Mpulungu, ililazimisha mzigo kupakuliwa na kupakiwa upya mara kadhaa. Iliyobaki ni barabara ya kwenda Dar es Salaam, bandari ya nchi rafiki, ambako mzigo uliofungwa mara moja ungefika bila kuguswa tena.

Ndani ya Tanzania kwenyewe palikuwa na uchaguzi wa pili. Barabara kuu ya kikoloni ya kaskazini-kusini ilitoka Arusha kupitia Dodoma ndipo ikafika Iringa. Kwa lori linalotoka bandarini, kuzungukia Dodoma kuliongeza takriban kilomita 200, na bado kulikuwa na kuvuka bonde la Ruaha Mkuu na kupanda mlima Nyang'oro. Njia ya kutoka Morogoro moja kwa moja hadi Iringa kupitia Mikumi ilikuwa fupi zaidi, ingawa nayo ilikuwa na mlima wake, Kitonga. Ndiyo iliyochukuliwa.

Malori yalianza kuipita kabla haijawa tayari kuyapokea. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo na changarawe: vumbi zito wakati wa kiangazi, tope na utelezi kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili. Yakienda yalibeba mafuta, yakirudi yalibeba shaba. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba waandishi wa habari wa Kiingereza waliiita barabara ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, zikishirikiana na kampuni ya Kiitaliano ya Intersomer, ziliunda kampuni ya usafirishaji ya Zambia Tanzania Road Services, iliyotumia malori ya Fiat yenye tela.

Kitonga huonyesha vizuri kwa nini tela huchagua njia yake tofauti na gari dogo. Kutoka Ruaha Mbuyuni barabara hupanda ukingo wa bonde kwa kona zinazofuatana, ikielekea Iringa iliyo juu ya mita 1,500. Dereva huingiza gia nzito kabla ya kuanza kupanda, kwa kuwa lori lenye mzigo likipoteza nguvu katikati ya mlima ni vigumu kuling'oa tena. Likikwama, utingo huruka chini na kuweka jiwe au gogo nyuma ya tairi. Kwenye kona, tela hukata ndani zaidi kuliko kichwa, hivyo lori huhitaji karibu upana wote wa barabara. Kushuka ni hatari zaidi: anayetegemea breki peke yake huzichemsha mpaka zikafeli, na hapo uzito wa tela husukuma kichwa bondeni.

Ujenzi wa lami ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden, ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililofunguliwa mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, liliipunguzia barabara mzigo wa mafuta. Mwaka 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa, na umuhimu wa njia ya kaskazini ukaongezeka. Reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976 ikitarajiwa kubeba sehemu kubwa ya mizigo. Upungufu wa injini, mabehewa na matengenezo uliizuia kutimiza matarajio hayo, na wenye mizigo wakarudi kwenye malori.

Tangu hapo mambo ya kupimwa kabla ya safari yamebadilika. Sheria ya Afrika Mashariki inataka lori la ekseli saba lisizidi tani 56, na mizani ya njiani, kama ya Vigwaza na Makambako, hukagua kila ekseli. Foleni ya Tunduma huweza kuchukua muda mrefu kuliko mwendo wenyewe, ingawa tangu 2019 taratibu za mpaka hufanyika mahali pamoja. Barabara ya Dodoma hadi Iringa nayo iliwekwa lami katika miaka ya 2010, lakini malori ya Zambia yangali yanapanda Kitonga, kwa sababu njia iliyofunguliwa kwa dharura ya 1965 ndiyo bado inayoifikia bandari kwa kilomita chache zaidi.