Karura: Mambo ya kujua kabla ya kutembea kando ya mto hadi kwenye maporomoko

Huhitaji kupanda Mlima Kenya ili usikie maji yakivuma. Dakika chache tu kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuna Msitu wa Karura, na ndani yake njia fupi inayofuata Mto Karura hadi kwenye maporomoko.

Msitu huu una ukubwa wa takriban hekta 1,000 na ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932.

Njia ikoje?

Wengi huingia kupitia lango la Barabara ya Limuru. Njia ni ya udongo mwekundu, na kila njia panda ina kibao chenye namba, kwa hiyo si rahisi kupotea. Ukikaribia mto, unateremka. Hewa inakuwa baridi na mianzi inafunika kingo.

Karibu na maporomoko kuna mapango. Wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha wakati wa vita vya kudai uhuru.

Tembea kimyakimya. Huenda ukamwona kima, mbega au hata paa akivuka njia.

Je, maji ni salama?

Hapana, usiyanywe. Mto huu hupita kwenye mitaa ya watu kabla ya kuingia msituni. Maji yake huishia katika mfumo wa Mto Athi, ambao humwagika baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Taka inayotupwa Nairobi inaweza kufika mbali sana.

Kwa nini msitu bado upo?

Miaka ya 1990, sehemu za Karura ziligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt, alipinga. Januari 8, 1999, yeye na wenzake walienda kupanda mti wakashambuliwa na walinzi. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi huku damu ikimtoka.

Hakurudi nyuma. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hata baada ya hapo, watu waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya majambazi. Hali ilibadilika baada ya uzio wa umeme kujengwa na askari wa msitu kuanza doria.

Kabla hujatoka nyumbani

- Vaa viatu vyenye kushika vizuri. Mvua ikinyesha, mteremko wa mtoni huteleza balaa.
- Beba maji ya kunywa, na urudi na chupa yako.
- Kiingilio hulipwa kwa simu, si kwa pesa taslimu.
- Anza mapema ili uwe nje kabla ya saa kumi na mbili jioni.
- Ukiwa na watoto, washike mkono karibu na maporomoko. Mawe yana utelezi.