Wacherokee wageuza kasino kuwa makao ya lugha

KATIKA mji wa Tahlequah, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, jengo lililokuwa kasino sasa ni makao ya lugha. Hapo ndipo Taifa la Cherokee lilipofungua, Novemba 2022, kituo kilichopewa jina la Durbin Feeling, mwanaisimu wa jamii hiyo aliyetunga kamusi ya Kicherokee iliyotoka mwaka wa 1975.

Lugha hiyo ina maandishi yake yenyewe. Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alikamilisha mwaka wa 1821 alama zinazowakilisha silabi, na kufikia 1828 Wacherokee walikuwa na gazeti lao.

Miaka kumi baadaye serikali iliwafurusha kutoka ardhi ya mababu zao, na maelfu wakafia njiani. Vizazi vilivyofuata viliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama, hata wazazi wengi wakaacha kuwarithisha watoto wao.

Leo taifa hilo lina raia zaidi ya 400,000, lakini wanaoimudu lugha ni wachache, wengi wao wazee. Mnamo 2019, mataifa matatu ya Wacherokee yaliitangazia hali ya dharura.

Kituoni, watu wazima hulipwa posho wajifunze saa 40 kwa wiki, kwa miaka miwili, wakiongozwa na wazee. Watoto nao hufundishwa masomo kwa Kicherokee.

Jengo limepatikana. Kilicho haba ni muda, maana walimu wenyewe wanazeeka.