Orodha ya Daraja la Tatu

Ukipanda daladala hapa stendi ya Buzuruga kwenda Kisesa, ukishaipita Nyakato unafika Igoma. Hapo ndipo walipozikwa watu wengi waliokufa maji meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996. Mimi ni karani wa mabasi ya Musoma. Abiria akigoma kutaja jina lake, namweleza habari za Igoma.

Meli ile ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikabeba watu na mikungu ya ndizi. Uwezo wake ulikuwa watu 430. Daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa, na hao peke yao walikuwa 443. Daraja la tatu, yaani wachuuzi, wanafunzi na kina mama wenye watoto mgongoni, hawakuandikwa popote. Ilipopinduka asubuhi ikikaribia Mwanza, hakuna ofisi iliyoweza kuwataja wote waliokuwamo. Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu, tume ya Jaji Robert Kisanga ikachunguza, lakini orodha kamili ya majina haikupatikana tena. Idadi inayotajwa sana ni 894. Wapo wanaosema ni zaidi ya 1,000. Kati ya hesabu hizo mbili kuna watu zaidi ya mia moja, na kila mmoja alikuwa na mtu aliyemsubiri bandarini au nyumbani.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko cha watu 101 kiliua zaidi ya 220. Safari hii mashine ya tiketi ilikuwapo, ila mkatisha tiketi alikufa na mashine ikapotea pamoja naye. Hili linaniuma kuliko yote: kumbukumbu ilikuwa ndani ya chombo kilekile, ikazama na watu wake.

Ndiyo maana naithamini karatasi ya kaboni. Zamani tuliandika kwa kalamu ya wino wa bluu, tukikandamiza hadi nakala ya chini isomeke. Nakala moja aliondoka nayo dereva, nyingine ilibaki mezani Buzuruga. Siku hizi tiketi nyingi ni za mashine, na mimi bado nabakiza nakala yangu ofisini.

Watu huona usumbufu. "Kaka, andika tu Mama Neema," dada mmoja wa Lamadi aliniambia. Nikamjibu, "Dada yangu, kina Mama Neema wamejaa kuanzia Magu mpaka Bunda. Basi likipata ajali, nitampigia ndugu yako yupi?" Akataja majina yake na namba ya kaka yake.

Nawe ukija kukata tiketi, iwe ya basi au ya meli, taja majina yako kamili. Taja na la mtoto unayempakata, hata kama halipiwi nauli, na usiondoke dirishani mpaka uone limeandikwa.