Ufahamu Ukadiriaji wa Malori na Mitambo kwa Shehena ya Ngaramtoni na Bandari ya Tanga

Msafirishaji wa Ngaramtoni, wilayani Arumeru, anayepitisha shehena katika Bandari ya Tanga hulazimika kujibu swali moja kabla meli haijafika: malori mangapi yatatosha? Akikodi machache, makontena hubaki bandarini na tozo za uhifadhi huanza kuhesabiwa muda wa bure unapokwisha. Akikodi mengi, hulipia magari yaliyoegeshwa.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu bandari hiyo iboreshwe. Awali meli zilitia nanga takribani kilomita 1.7 kutoka gatini na shehena ikaletwa kwa matishari, hivyo kila mzigo ulinyanyuliwa mara mbili. Mradi uliogharimu Shilingi bilioni 429.1 uliongeza kina hadi mita 13 na kujenga gati mbili zenye urefu wa mita 450, na sasa meli hufunga gatini. Tishari haliamui tena kasi ya kazi. Ucheleweshaji uliokuwa baharini unaweza kuhamia kirahisi uwanjani na barabarani.

Ndani ya bandari, hesabu huanzia kwenye kreni. Ikiwa kreni inashusha makontena 20 kwa saa, na gari la uwanjani linalobeba kontena moja hutumia dakika 15 kwenda na kurudi, yanahitajika magari matano. Yakiwa manne, kreni husimama na meli husubiri. Yakiwa manane, matatu hukaa foleni. Mashine ya kupanga makontena uwanjani nayo sharti imudu 20 kwa saa, vinginevyo hata magari matano hayatasaidia.

Kwa safari ndefu, uzito hutangulia nafasi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika nchini Machi 1, 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari la ekseli saba. Semitrela ya kawaida ya ekseli sita huishia tani 50, gari lenyewe likiwa ndani ya hesabu hiyo. Kontena la futi 20 lenye magunia 320 ya kahawa ya kilo 60 lina tani 19.2 za kahawa, na zaidi ya tani 21 likijumlishwa na kasha lake. Tela la futi 40 lina nafasi ya makontena mawili ya aina hiyo, lakini ukiongeza uzito wa lori, takribani tani 17, jumla hukaribia tani 60. Kwa hiyo kontena moja kwa lori moja ndiyo hesabu sahihi, na anayepanga mawili atakwama kwenye mizani ya TANROADS.

Baada ya uzito hufuata mzunguko, na hapa ndipo makadirio mengi huharibika. Chukua makontena 60 yanayotakiwa kutoka Tanga hadi Ngaramtoni kwa siku 12. Mzunguko wa siku tatu humpa kila lori safari nne, hivyo malori 15 yanatosha. Mzunguko ukirefuka kwa siku moja tu, kila lori hupata safari tatu na mahitaji hupanda hadi malori 20. Siku hiyo moja mara nyingi haipotei mwendoni, bali langoni, lori likisubiri nyaraka za forodha ambazo wakala angeweza kuzikamilisha mapema.

Barabara ya mchepuo ya Arusha yenye kilomita 42.4, iliyozinduliwa Julai 2022, imeondoa sehemu ya tatizo, kwani lori linalotoka Usa River hufika Ngaramtoni bila kupita katikati ya Jiji. Reli ya Tanga, iliyofufuliwa hadi Arusha mwaka 2020, inafaa kwa mzigo mzito usio na haraka, ingawa lori bado huhitajika kutoka stesheni. Parachichi na mbogamboga zina masharti yake: kontena la ubaridi huhitaji jenereta njiani na umeme bandarini.

Upande wa Ngaramtoni, ghala lisilo na mtambo wa kushusha kontena zima hulazimika kupakua mzigo kwa mikono, kontena likiwa juu ya tela. Saa hizo, pamoja na muda wa kurejesha kontena tupu kwa wakala wa meli, huingizwa kwenye mzunguko kabla ya mkataba wa ukodishaji kusainiwa.