Ndorobo, Mapagazi na Chembe Zing'aazo

Kila asomaye habari za safari za bara hujiuliza kwa nini mizigo ya njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilichukuliwa mabegani mwa watu. Burton na Speke walipofika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, Novemba 1857, waliona jinsi biashara yote ilivyosimama juu ya upagazi. Pembe zilishuka pwani, nguo na shanga zikapanda bara, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Punda walikuwapo, lakini wachache. Sababu moja kubwa ilikuwa ndorobo, yule ambaye wengine humwita mbung'o, akaaye katika misitu ya miombo. Palipofyekwa na kulimwa ng'ombe walifugwa vizuri. Wakiingizwa msituni, walikonda wakafa.

Wageni walijaribu njia nyingine. Mwaka 1866 Livingstone alipeleka ngamia na nyati wa Bara Hindi katika bonde la Ruvuma, apate kujua kama watastahimili kuumwa na mdudu huyo. Na mwaka 1879 ndovu wanne wa Bara Hindi walishushwa Msasani kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wakaelekezwa bara. Kitu kilichoua wanyama hakuna aliyekiona. Bruce alikiona mwaka 1895 katika damu ya ng'ombe wa nchi ya Wazulu. Castellani akakiona Entebbe katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa wa malale. Na mwaka 1909 Kleine, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akathibitisha kuwa kijidudu hukua ndani ya ndorobo kabla ya kuambukiza. Miaka mitatu baadaye reli ilifika Tabora, na upagazi ukapoteza kazi yake kubwa.

Lakini yafaa tuangalie kilichoonekana hasa. Darubini ilionyesha tone lililokwisha kutolewa mwilini. Mwili wenyewe ulibaki umefungwa. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza, isiyoweza kumfuata kijidudu ndani ya watu, iliwahamisha watu wenyewe: vijiji vilivyotawanyika katika nchi ya Tabora na Kahama vilikusanywa mahali pamoja ili kuwatenga na msitu. Nadhani historia ya malale ikiandikwa bila mashamba na makaburi yaliyoachwa nyuma, haijaandikwa.

Dawa nayo ilitoka katika kiza hicho hicho. Mwaka 1858 Livingstone aliandika juu ya farasi aliyempa aseniki baada ya kuumwa na ndorobo. Miaka 91 baadaye, mwaka 1949, ilikuja melasoproli, nayo ina aseniki ndani yake, ikaua takriban wagonjwa 5 katika kila 100 waliopewa. Ilitolewa pale kijidudu alipokwisha kuingia katika ubongo. Na kulijua hilo kulihitaji sindano ya uti wa mgongo.

Hapa ndipo elimu mpya ya chembe zing'aazo inapotuhusu, nasi watu wa lugha tunadaiwa maneno. Kimulimuli hutoa nuru yake mwenyewe. Chembe ninayoisema haina nuru mpaka imulikwe: hupokea nuru ya rangi moja na kutoa ya rangi nyingine. Basi "kuakisi" halifai, kwani kioo huakisi bila kugeuza rangi. Mimi hupenda kusema kwamba chembe hung'aa ikimulikwa. Ukubwa wake hupimwa kwa nanometa, na nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ajabu yake ni kwamba dutu ile ile, ikiwa ndogo hutoa rangi ya buluu, ikiwa kubwa kidogo nyekundu. Kwa ugunduzi na utengenezaji wa chembe hizo Bawendi, Brus na Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walizitumia kuonyesha uvimbe wa saratani ndani ya panya hai.

Kwa kijidudu cha malale njia iliyofaulu ni jirani yake: protini ing'aayo, iliyopatikana kwanza kwa kiwavi wa baharini. Huko Bristol, Wendy Gibson na wenzake waliwatia ndorobo vijidudu vya kijani na vyekundu, wakapata vizalia vya manjano, ushahidi kuwa huzaana ndani ya mdudu. Na mwaka 2016 watafiti walionyesha kwa panya kuwa kijidudu hujificha katika ngozi na katika mafuta ya mwili, mahali ambapo tone la damu halingemfichua.

Hayo yote ni ya panya na ya ndorobo. Chembe nyingi za aina hiyo zina kadimiamu, ambayo ni sumu, na nuru haipenyi mbali katika nyama ya mtu mzima. Urambo, magharibi ya Tabora, imetoa wagonjwa wa malale hata katika karne hii, na waliotambuliwa walitambuliwa kwa darubini na tone la damu.