Gaia: albamu ambayo Olivia Newton-John aliandika baada ya kuambiwa ana saratani

Mwaka 1992 Olivia Newton-John alikuwa na miaka 43 na kila kitu kilikuwa kimepangwa. Albamu ya mkusanyiko wa nyimbo zake kali ilikuwa tayari na ziara ya kurudi jukwaani inasubiriwa.

Ziara hiyo haikufanyika. Julai mwaka huo aliambiwa ana saratani ya matiti. Na kama vile hiyo haitoshi, wikiendi hiyohiyo baba yake mzazi akafariki dunia, naye kwa saratani.

Miaka miwili baadaye, 1994, aliachia albamu inayoitwa Gaia: One Woman's Journey, yaani safari ya mwanamke mmoja. Haikutikisa chati za dunia kama kazi zake za zamani. Lakini ukifuatilia maisha yake, hii ndiyo albamu inayoyagawa mara mbili: kabla ya ugonjwa na baada ya ugonjwa.

Olivia ni nani hasa?

Wengi wetu tunamjua kwa filamu moja tu, Grease ya mwaka 1978, alipocheza na John Travolta. Kumbe kabla ya hapo alikuwa tayari staa.

Alizaliwa Cambridge, Uingereza, Septemba 26, 1948, akakulia Melbourne, Australia, ambako familia ilihamia mwaka 1954. Babu yake upande wa mama ni Max Born, mwanafizikia aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka huohuo wa 1954.

Alianza na nyimbo laini zenye ladha ya kantri. Mwaka 1974 aliiwakilisha Uingereza kwenye Eurovision, mashindano yaleyale ambayo ABBA waliibuka washindi. Kisha mwaka 1981 akaja na Physical, wimbo uliokaa namba 1 Marekani kwa wiki 10.

Yaani tunamzungumzia mtu aliyekuwa juu kweli. Na karibu vibao vyote vilivyompandisha viliandikwa na watu wengine.

Hapo ndipo Gaia inapotofautiana

Kwenye Gaia, nyimbo zote 12 ni za kalamu yake. Kwa mara ya kwanza mwanamuziki mkongwe, mwenye zaidi ya miaka 20 kwenye gemu, anakaa chini na kuandika albamu nzima kuhusu maisha yake mwenyewe.

Kazi hiyo aliifanyia Australia, eneo la Byron Bay, akiwa na maprodyuza Murray Burns na Colin Bayley. Hawa walitoka kundi la roki la Mi-Sex, si wale watu wa pop waliomzoea.

Wakati anaandika alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa titi na tiba ya kemo. Aliyepitia kemo, au aliyemuuguza mama au dada, anajua mwili unabakije baada ya hapo. Kwa hiyo sauti unayoisikia ni ya mtu anayerudi taratibu, siyo ya staa anayetafuta hit.

Swali liko namba 5, jibu liko namba 11

Albamu nyingi za kutia moyo zina tatizo moja: zinakuambia simama kabla hazijakubali kwamba umeanguka. Gaia haifanyi hivyo.

Wimbo wa kwanza ni Trust Yourself, yaani jiamini. Ukifika namba 5 unakutana na Why Me. Kwa Kiswahili: kwa nini mimi? Ni swali ambalo karibu kila mgonjwa hujiuliza usiku watu wote wakiwa wamelala, na asubuhi anaona aibu kulisema. Olivia amelirekodi.

Jibu haliji hapohapo. Kwanza anatoka nje ya maumivu yake. Namba 6 ni Don't Cut Me Down, jina ambalo ni ombi la mti: usinikate. Namba 7 ni Gaia, wimbo uliobeba jina la albamu. Gaia ni mungu wa kike wa dunia kwenye simulizi za kale za Wagiriki.

Ni mpaka namba 11 ndipo inakuja Not Gonna Give In to It. Maana yake: sikubali kushindwa na hiki kitu. Na wimbo wa mwisho, The Way of Love, unafunga kwa upendo.

Mpangilio huo ndio unaoipa albamu nguvu. Kati ya "kwa nini mimi" na "sikubali" kuna nyimbo tano. Hakuna aliyemharakisha.

Miti imeingiaje kwenye albamu ya saratani?

Hapa kuna uhusiano na kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1990, kabla hajaugua, Olivia aliteuliwa kuwa balozi mwema wa UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi.

Kwa hiyo mazingira hayakuwa fasheni kwake. Kwenye Gaia ameunganisha mambo mawili: mwili wa binadamu unaougua na dunia inayougua. Unaweza usikubaliane na mtazamo huo, lakini utaelewa kwa nini albamu kuhusu titi la mwanamke mmoja imebeba jina la dunia nzima.

Kilichofuata

Baada ya Gaia, Olivia hakuurudisha ugonjwa wake kabatini. Mwaka 2005 alitoa Stronger Than Before, albamu iliyochangia fedha kwenye utafiti wa saratani ya matiti. Mwaka 2006 ikaja Grace and Gratitude, nyimbo za utulivu na uponyaji. Mwaka 2016 akaungana na Beth Nielsen Chapman na Amy Sky kwenye Liv On, albamu ya kuwafariji waliofiwa.

Na hakuishia kwenye muziki. Mwaka 2008 alitembea kwenye Ukuta Mkubwa wa China kuchangisha fedha za kujenga kituo cha saratani. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2012 katika Hospitali ya Austin, Melbourne, na kina jina lake.

Saratani nayo haikumwacha. Ilirudi mwaka 2013, akakaa kimya, kisha mwaka 2017 akatangaza imerudi tena na kusambaa. Alifariki Agosti 8, 2022, nyumbani kwake California, akiwa na miaka 73. Hesabu mwenyewe: ni miaka 30 tangu siku ile ya Julai 1992.

Jambo moja la kuondoka nalo

Uvimbe ule wa 1992 Olivia aliugundua mwenyewe. Amesimulia mara nyingi kwamba kipimo cha mamogramu hakikuonyesha kitu, lakini moyo haukutulia, akasisitiza achunguzwe zaidi. Kusisitiza huko ndiko kulikompa muda wa kuandika nyimbo hizi.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, wanawake milioni 2.3 waligundulika na saratani ya matiti mwaka 2022. Kwetu huku wengi bado wanafika hospitali wakiwa wamechelewa. Ukihisi uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi imebonyea au chuchu inatoa majimaji usiyoyaelewa, nenda ukapimwe. Si kila uvimbe ni saratani, lakini wa kusema ni nini ni daktari, siyo jirani.

Gaia kwa kifupi

- Msanii: Olivia Newton-John
- Mwaka: 1994
- Idadi ya nyimbo: 12, zote kaandika mwenyewe
- Maprodyuza: Olivia, Murray Burns na Colin Bayley
- Anza na: Why Me, kisha Not Gonna Give In to It
- Inamfaa nani: anayeumwa, anayeuguza, na yeyote aliyechoka kuambiwa "jikaze" na watu ambao hawajamuuliza anaendeleaje